Barua ya wazi kwa wakuu wa afya: figo ya dada iko salama ndani yangu, ubavu wake je?

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Afya,
Katibu Mkuu wa Wizara,
Mganga Mkuu wa Serikali,
na wakurugenzi wa hospitali zetu za rufaa za kanda.

Waheshimiwa, nawasalimu kwa heshima zote kutoka Rungwe.

Mimi ni mwalimu wa baiolojia katika shule ya sekondari. Chini ya mkanda wa suruali yangu, upande wa kulia wa nyonga, imo figo ya dada yangu mkubwa. Inafanya kazi vizuri. Kila siku ya kliniki dada hunipigia simu kabla sijafika stendi ya mabasi, na swali lake halibadiliki: "Mwanangu hajambo?" Mwanangu ni hiyo figo. Nami humsomea kreatinini, kipimo cha uchafu wa damu ambao figo nzima huuchuja, kama ninavyosoma matokeo ya mtihani mbele ya paredi, taratibu, namba kwa namba. Akisikia haijapanda hunijibu "ndaga fijo", asante sana kwa Kinyakyusa, anakata simu na kurudi kwa ng'ombe wake.

Barua hii inahusu mahali figo hiyo ilipotoka: ubavu wa dada, na namna watoaji wa figo wanavyopasuliwa.

Kovu la dada linaanzia mgongoni, chini ya mbavu, linazunguka hadi mbele na kuishia vidole vinne kutoka kitovuni. Siku moja, kwa ruhusa yake, nililipima kwa rula ya darasani: sentimita 21. Upande huo nyama zimelegea. Akisimama muda mrefu jikoni panatokeza uvimbe laini, akilala unapotea. Tuliambiwa si ngiri, bali ni misuli iliyopoteza nguvu kwa sababu kisu kilipita kwenye mishipa ya fahamu inayoihudumia. Baridi ya Juni ikishuka, kovu humuuma kama jino bovu.

Kabla ya hapo alikuwa anapandisha mzigo wa mabingobingo kichwani kutoka bondeni hadi bandani, asubuhi na jioni, na mkungu wa ndizi kwake haukuwa kazi ya kutajwa. Alipasuliwa Novemba, mahindi yakiwa ndiyo kwanza yameota. Akakatazwa kunyanyua kitu kizito kwa wiki 8. Palizi ya kwanza ikampita. Ya pili aliweka vibarua kwa fedha aliyokopa kwenye kikoba. Ng'ombe mmoja akauzwa kwa kukosa mtu wa kumkatia majani. Mwaka ule mgonjwa nilikuwa mimi, lakini shida ilihamia nyumbani kwake.

Hospitali iliyotuhudumia sitaitaja. Watu wale waliniokoa, na kazi yao waliifanya kwa uangalifu. Nina lalamiko moja tu: hakuna aliyetuambia kwamba figo hutolewa kwa njia zaidi ya moja. Dada alitia saini karatasi iliyosema "upasuaji wa kutoa figo", basi. Urefu wa mkato, misuli itakayokatwa, miezi ya kukaa bila jembe, sababu ya kuchagua njia hii na kuacha ile, hayo hayakuandikwa wala hayakusemwa. Tulikuja kuyajua kwenye benchi la kliniki, kutoka kwa mgonjwa mwenzangu.

Alikuwa kijana wa Mufindi aliyepewa figo na mama yake mdogo, mchumaji wa chai. Mama yule alikuwa amemsindikiza. Tulipoanza kuzungumza alinionyesha makovu yake bila kuficha: matatu madogo tumboni, kila moja kama kucha ya kidole gumba, na moja la mlalo chini kabisa, pale wanapopasuliwa wanawake wakati wa kujifungua. Wiki ya tano alikuwa ameshaingia shambani kuchuma, kwa kapu dogo, na wiki ya nane alibeba kapu lake la kawaida. Nilimsikiliza huku nikimfikiria dada.

Kisha mimi na yule kijana tukafungua madaftari yetu. Wengi tuliopandikizwa tunayo, daftari la namba. Siku ya tano baada ya upasuaji kreatinini yangu ilikuwa imeshashuka, yake ilikuwa bado iko juu na inashuka kwa kusitasita. Mwezi wa kwanza tulikuwa tumekaribiana. Ukurasa wa mwezi wa sita ungefunikwa majina yetu, hata daktari asingejua daftari lipi ni la nani.

Njiani kurudi nyumbani nilikuwa na swali moja kichwani, swali ambalo mwanafunzi yeyote mzuri angeliuliza. Kama mtoaji anaumizwa kidogo, je, figo ndiyo inayolipa? Maana kama ni hivyo, dada angechagua kisu kirefu, namjua. Nimetumia muda mrefu kulitafutia jibu swali hilo, na naomba mnisikilize kwa utulivu, kwa sababu jibu lake ndilo msingi wa maombi yangu.

Upandikizaji wa kwanza wa figo uliofanikiwa ulifanyika Boston, Marekani, tarehe 23 Desemba 1954. Timu ya Daktari Joseph Murray ilitoa figo kwa Ronald Herrick na kumpa pacha wake wa kufanana, Richard, aliyeishi nayo miaka 8. Kwa miaka 40 iliyofuata kila mtoaji aliye hai alipasuliwa kwa mkato mrefu, kama Ronald. Mwaka 1990 Ralph Clayman alitoa figo iliyougua kupitia matundu madogo, na mwaka 1995 Lloyd Ratner na Louis Kavoussi, huko Baltimore, wakaitoa figo nzima ya mtoaji kwa njia hiyo na kumpandikizia mgonjwa. Kwetu Tanzania, Hospitali ya Taifa Muhimbili ilifanya upandikizaji wake wa kwanza Novemba 2017 pamoja na madaktari kutoka India, na Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, ikafuata Machi 2018 kwa ushirikiano na Wajapani. Kabla ya hapo tulikuwa watu wa kupelekwa nje. Nawashukuru kwa hatua hiyo; bila hiyo wengi tungekuwa makaburini.

Sasa nije kwenye kisu. Kwa njia ya wazi mtoaji hulazwa ubavu na mkato hupita ubavuni. Mara nyingine kipande cha ubavu wa 12 huondolewa ili daktari apate nafasi. Mtoaji huumia, lakini figo inakuwa mkononi mwa daktari. Ateri inabanwa, inakatwa, figo inatoka na kuoshwa papo hapo kwa maji maalumu ya baridi.

Kwa njia ya matundu, tumbo hujazwa gesi ya kaboni daioksaidi hadi ukuta wake uinuke kama turubai la msibani. Kamera huingia tundu moja, vyombo vyembamba virefu huingia mengine, na daktari hufanya kazi akitazama kioo. Figo ikishaachanishwa na kila kitu, huvutwa nje kupitia mkato mfupi chini ya tumbo.

Gesi hiyo ndiyo hoja ya kwanza dhidi ya matundu, na ni hoja ya kweli. Shinikizo lake kwa kawaida ni milimita 12 hadi 15 za zebaki. Wanafunzi wangu wanajua kwamba damu ya kwenye veni hutembea kwa msukumo mdogo. Ukiibana kutoka nje, inasuasua. Ndivyo figo inavyofanyiwa tumboni: veni yake inabanwa, nyama yake inabanwa, damu inayopita hupungua, na mkojo hupungua pamoja nayo. Gesi ikitolewa, mtiririko hurudi. Lakini figo hii haibaki ilipo ipumzike, inahama. Kwa hiyo wataalamu wa usingizi wakajifunza kumjaza mtoaji maji ya mshipani mapema, wapasuaji wakajifunza kutumia shinikizo dogo kadiri inavyowezekana, wengi wakaongeza manitoli, dawa ya kuongeza mkojo, ili usikatike, na kabla ya kubana ateri wanahakikisha figo inatoa mkojo.

Hoja ya pili ni dakika za joto. Naziita hivyo kwa sababu ndivyo zilivyo: dakika kati ya ateri kubanwa na maji ya baridi kuingia, figo ikiwa na joto la mwili, ina njaa ya oksijeni, na hakuna damu inayoifikia. Kwa matundu dakika hizo huongezeka, kwa kuwa figo lazima iwekwe mfukoni na kuvutwa nje kwanza. Uholanzi walifanya jaribio zuri, matokeo yake yakatoka mwaka 2006. Watoaji 100 waligawanywa kwa bahati nasibu, nusu wakapasuliwa kwa matundu, nusu kwa mkato mfupi wa wazi. Dakika za joto zilikuwa 6 kwa matundu na 3 kwa wazi. Upasuaji wenyewe ulichukua dakika 221 dhidi ya 164. Lakini waliopasuliwa kwa matundu walipoteza damu kidogo zaidi, walihitaji mofini kidogo zaidi, walikaa wodini siku 3 badala ya 4, na uchovu wao ulikuwa mdogo zaidi hata miezi mingi baadaye. Figo nazo? Hazikutofautiana.

Mwaka 2011 wataalamu walikusanya pamoja majaribio 6 ya aina hiyo, yenye watoaji 596. Katika baadhi yao dakika za joto zilifika hadi 17. Hata hivyo idadi ya figo zilizochelewa kuamka, zilizokataliwa na mwili, zilizopata matatizo ya mrija wa mkojo au zilizokufa ndani ya mwaka mmoja haikutofautiana kwa kiasi cha kuhesabika. Utendaji wa figo baada ya mwaka ulikuwa uleule. Daftari langu na la kijana wa Mufindi yalikuwa yameshaniambia hivyo, ila madaftari mawili hayatoshi kumshawishi Waziri.

Kwa hiyo swali langu la njiani nimelipatia jibu. Figo ya matundu inaweza kuamka taratibu zaidi katika siku za kwanza. Baada ya hapo inashika mwendo na kuwa sawa na mwenzake. Mtoaji akipunguziwa maumivu, figo hailipi chochote cha kudumu. Maana yake ni kwamba sentimita 21 za dada hazikuninunulia mimi kitu.

Naomba msisome mstari huo kama shutuma kwa daktari aliyempasua. Inawezekana alikuwa na sababu. Huenda mishipa ya dada ilikuwa na maumbile yasiyo ya kawaida, huenda kamera ilikuwa mbovu siku ile, huenda aliona mikono yake bado haijazoea. Sababu zote hizo ni za heshima. Daktari anayejua kipimo chake na kuchagua kisu anachokimudu namwamini kuliko anayetafuta sifa. Uchungu wangu ni kwamba hatukuambiwa.

Tena sitaki muondoke hapa mkidhani njia ya matundu ni mteremko. Katika miaka yake ya mwanzo iliumiza watu. Wapasuaji walikuwa wanausafisha mno mrija unaotoa mkojo kwenye figo, wakiuvua mafuta yanayoubeba pamoja na vimishipa vya damu vinavyoulisha, na mpokeaji akaja kupata mrija uliooza au kuziba. Walijifunza kuuacha na nyama zake. Figo ya kulia ina veni fupi, na ukitumia matundu inaweza kufupika zaidi. Zamani baadhi ziliganda damu baada ya kupandikizwa. Ndiyo maana wengi hupenda ya kushoto, mradi kanuni ibaki ileile kwamba figo iliyo bora inabaki kwa mtoaji. Kwa wapokeaji wadogo kabisa, watoto wa chini ya miaka 5, uchambuzi mmoja wa takwimu za Marekani wa mwaka 2005 ulizua wasiwasi kwamba figo za matundu huchelewa kuamka. Mtoto wa namna hiyo anastahili timu iliyobobea, isiyo ya kujaribia.

Na lipo jambo moja dogo kwa umbo ambalo limeua watoaji wazima kabisa: kibanio. Vibanio fulani vya plastiki vinavyofaa kazi nyingi nyingine vilichomoka kwenye ateri ya figo baada ya upasuaji, na mtoaji akavuja damu hadi kufa. Mwaka 2011 Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani ilitoa tahadhari kuvihusu kwa watoaji walio hai. Ateri hiyo inataka kufungwa kwa njia inayopenya ukuta wake, kwa mfano pini za stepla au uzi wa kushona. Nalitaja hili kwa urefu kwa sababu vifaa hununuliwa kwa zabuni, na katika zabuni anayeshinda mara nyingi ni mwenye bei ndogo. Tafadhali, atakayeandaa orodha ya vifaa vya upasuaji wa mtoaji awe mpasuaji mwenyewe, na ofisi ya manunuzi isiwe na ruhusa ya kubadilisha kibanio bila yeye kujua.

Kutoa figo kwa ujumla ni salama. Marekani walifuatilia watoaji 80,347 wa kati ya mwaka 1994 na 2009, na vifo ndani ya siku 90 vilikuwa kama 3 kwa kila watu 10,000. Ni vichache. Lakini kila mmoja wa hao watatu aliingia chumba cha upasuaji akiwa mzima, hana ugonjwa wowote, kwa upendo tu. Mgonjwa anapasuliwa kwa sababu hana njia nyingine. Mtoaji angeweza kubaki nyumbani kwake akipalilia. Deni la hospitali kwake ni la aina yake.

Sasa niseme ninachoomba, nikianza na kile kisichohitaji fedha.

Karatasi ya ridhaa ibadilishwe, iandikwe kwa Kiswahili cha watu. Iseme njia ipi itatumika na kwa nini, mkato utakuwa wapi na urefu wake takriban, uwezekano wa kuanza kwa matundu na kumalizia kwa mkato wa wazi iwapo damu itatoka, na muda wa kurudi kazini kwa kazi halisi ya mtu huyo. "Kazi nyepesi" ni maneno ya mjini. Mkulima wa Isongole mwambieni lini atashika jembe, lini atajitwika ndoo ya lita 20, lini atabeba gunia la viazi. Jambo hilo moja tu lingemfanya dada apasuliwe mwezi mwingine. Mimi nilikuwa nasafishwa damu mara tatu kwa wiki, saa nne kila mara. Nilichoka, ndiyo, lakini kama tungejua ningevumilia miezi mitatu zaidi ili amalize palizi kwanza.

Pili, pale ambapo matundu hayawezekani bado, mkato mrefu usiwe ndiyo mbadala pekee. Katika lile jaribio la Uholanzi hata kundi la upasuaji wa wazi halikupasuliwa kama dada. Walitumia mkato mfupi unaotenganisha nyuzi za misuli bila kuzikata na bila kugusa ubavu. Hauhitaji kamera, gesi wala kioo. Unahitaji taa nzuri, vishikizo virefu na daktari aliyefundishwa. Hili linawezekana mwaka huu huu wa fedha, na sijui kwa nini halizungumzwi.

Tatu ni mafunzo, na hapa naomba subira kuliko haraka. Mikono ya matundu haifundishwi kwa watoaji. Inafundishwa kwa kidole tumbo, mawe ya nyongo, uvimbe wa kizazi, figo zilizokufa ambazo lazima zitolewe. Makumi kwa makumi ya kazi hizo, mbele ya mkufunzi, kabla mtoaji mmoja hajalazwa mezani. Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya ndiyo tegemeo la Nyanda za Juu Kusini, kuanzia Iringa hadi Katavi, na wagonjwa wa kazi hizo za kawaida hatuwakosi. Upasuaji wa matundu ukiwa jambo la kila siku Mbeya, watu wengi watanufaika ambao figo haiwahusu kabisa, na siku wapasuaji wetu watakapojiunga na timu za upandikizaji watakuwa wameiva. Wafundishwe wawili wawili, pamoja na muuguzi na mtaalamu wa usingizi, kwa sababu nimeeleza hapo juu kwamba nusu ya usalama wa figo iko kwenye maji anayopewa mtoaji. Na kila mtambo wa kamera uje na fundi wa vifaa tiba aliyeajiriwa, mwenye vipuri. Tumeshaona mashine nyingi zikifunikwa shuka.

Nne ni ufuatiliaji wa watoaji. Mimi niliyepokea nina kadi, nina tarehe, nikikosa kliniki napigiwa simu. Dada hajaitwa hata mara moja tangu nyuzi zilipotolewa. Presha yake naipima mimi kwa mashine yangu ya nyumbani. Mtu aliyebaki na figo moja anahitaji kila mwaka vitu vitatu ambavyo hata hospitali ya wilaya inavimudu: presha, protini kwenye mkojo na kreatinini. Kutoka Mbeya mjini hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 800, mteremko mkali wa Kitonga ukiwa njiani. Hakuna mkulima atakayesafiri hivyo kupimwa mkojo. Wapeni watoaji wa kanda hii siku yao moja kwa mwezi hapa Mbeya, na wa Iringa na Njombe wapimwe kwao, majibu yatumwe. Orodha yao itunzwe: nani alipasuliwa kwa njia gani, dakika za joto ngapi, figo yake iko wapi na inaendeleaje, na mtoaji mwenyewe anaendeleaje. Nimewanukulia Waholanzi na Wamarekani kwa sababu wao waliandika. Mwalimu atakayeandika barua kama hii miaka 10 ijayo aweze kunukuu takwimu za Watanzania.

La mwisho ni msimu uliopotea. Najua mnaogopa neno fedha likikaribiana na neno figo, na mna haki, biashara ya viungo ni uovu. Lakini Azimio la Istanbul la mwaka 2008, lililotungwa mahususi kupiga vita biashara hiyo, linatambua kwamba kumrudishia mtoaji gharama halisi alizoingia si kununua kiungo chake. Nauli, malazi, vibarua wa palizi, majani ya ng'ombe kwa wiki 8: hizo ni gharama, zina risiti au zina shahidi, na mwenyekiti wa kijiji anaweza kuzithibitisha. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 tunayo. Kanuni zake zimtazame na mtoaji, maana yeye naye yumo ndani ya matibabu ya mgonjwa.

Naliweka hili mwisho lakini lina uzito kwa mgonjwa anayesubiri. Kwetu figo hutoka kwa ndugu aliye hai. Kaka zangu wawili walikubali kupimwa, mmoja damu yake ililandana na yangu, kisha akarudi nyuma. Alisema, "Nikipasuliwa mbavu, wanangu watakula nini?" Sikuwa na jibu na simlaumu hadi leo. Marekani, katika miaka iliyofuata kuanzishwa kwa matundu, watoaji walio hai waliongezeka hadi mwaka 2001 wakawazidi kwa idadi watoaji waliofariki. Urahisi wa upasuaji hutajwa kuwa miongoni mwa sababu. Kijijini kwetu watu wanamtazama dada. Wanaona ubavu wake kabla ya kuona afya yangu. Mtu mwingine wa Rungwe figo zake zitakapokufa, ndugu zake watapima uamuzi wao kwa kile walichokiona kwa dada.

Barua hii nilimsomea kabla ya kuituma, jioni, tukiwa kisimani. Alinirekebisha mahali pawili: uvimbe huonekana zaidi akipika ugali wa watu wengi, na ng'ombe aliyeuzwa alikuwa na mimba. Kisha akataka niongeze kwamba angeitoa tena, hata kwa kisu kilekile, na kwamba wasije wakubwa wakadhani anajuta. Nimeandika kama alivyotaka. Alipokuwa akisema hivyo alikuwa amekaza kiganja ubavuni, ndoo ikiwa imejaa mbele yake, akimsubiri binti wa jirani aje amtwishe.

Wenu katika ujenzi wa taifa,
Mwalimu mpokeaji wa figo,
Rungwe, Mbeya.